Mifupa ya Dadamu

Walionicheka kwamba mjane wa chifu amempenda mkubwa wa magendo walikuwa na haki yao. Mimi mwenyewe nilijicheka.

Mume wangu Ezati alikuwa chifu wa kaunti, na mimi Filda nilibaki na nyumba yake ya Arua Hill, yenye veranda ya saruji nyekundu. Lomoro wa Koboko ndiye aliyeamua petroli ipi ivuke mpaka na kahawa ipi iende Zaire. Polisi walimwamkia kabla hajawaamkia. Mwanzoni aliniletea mafuta ya taa, nikampokea hapo hapo verandani, mimi nimekaa, yeye amesimama, akiniita Mama Chifu. Ilipita miezi minne kabla sijamwambia avute kiti, na mwaka mzima kabla sijamwambia aniite Filda. Alivua kofia hata mbele ya mpishi wangu. Basi nilimpenda, sina haja ya kuzunguka.

Tatizo lilikuwa mifupa. Tulipokimbia vita kwenda Zaire mwaka wa themanini, Ezati alikufa huko kwa kuhara, nikamzika nyuma ya kanisa moja karibu na Ingbokolo. Nilirudi mwaka wa themanini na sita bila yeye. Shemeji yangu Andama akasema neno moja, wazee wote wakaitikia: mpaka Ezati alale nyumbani Dadamu, mimi bado ni mke wake, na mke wa mtu haolewi. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa nimechoka kulala na jina.

"Mimi iko na njia," Lomoro alisema. "Nitaleta yeye."

Baada ya wiki mbili alirudi na gunia la kahawa, ndani yake mifupa imeviringishwa kwenye blanketi. Wazee wakaniachia mimi kazi ya kuipaka mafuta ya simsim na kuifunga shuka. Niliingia nayo chumbani peke yangu. Nilipofika kwenye miguu, mikono ikasimama. Ezati alivunjika muundi kwa pikipiki mwaka tuliooana, ukaunga vibaya, akachechemea mpaka kufa. Miundi hii niliyoshika ilikuwa imenyooka yote miwili.

Nje ngoma zilikuwa zimeshaanza na ng'ombe ameshachinjwa. Ningeweza kupiga kelele. Nikafunga shuka. Nilijua vizuri ninachofanya: nilitaka kuolewa.

Andama alilia kaburini mpaka akashikwa mikono. Lomoro hakuruhusiwa kuingia. Wazee walisema mwizi wa mpakani hakanyagi kaburi la chifu. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi, machozi yanamtoka mpaka shingoni. Watu wakasonya, wengine wakacheka. Mimi nilifurahi moyoni, nikadhani analia kwa ajili yangu.

Siku ya tatu wazee wakanivua kitambaa cheusi cha ujane, nikawa huru. Mchana wa kesho yake Lomoro akapanda Arua Hill amevaa suti mpya. Hata kabla hajakaa nikamrukia.

"Ezati iko wapi?"

Alishika kofia kwa mikono miwili. "Kaburi hapana, Filda. Wamepitisha barabara juu yake, malori inapita. Nilichimba siku tano. Kama ningerudi mikono mitupu, wangekuachia?"

Wasingeniachia, na nililijua hilo. Lakini miaka yote ya kuitwa Mama Chifu ilinipanda kichwani.

"Kwa hiyo umeokota takataka gani huko porini, unaweka kwa kaburi ya chifu?"

Lomoro akavaa kofia yake. Tangu nimjue, hakuwahi kuivaa mbele yangu.

"Takataka iko na jina, Mama Chifu," alisema. "Jina yake Ladu. Ndugu yangu, tumbo moja. Tulikimbia pamoja, akafia kule, hakuna mutu alimlilia. Nilikuwa na yeye moja tu. Nikakupa."

Akashuka ngazi. Nilimwita mara mbili kwa sauti ya kuita mtumishi, maana sikuwa na nyingine, na kiburi kikanikataza kumkimbilia. Nilipokuja kumtuma Santina, binti wa shangazi yangu, aende Koboko kuniombea radhi, alirudi na salamu kwamba Lomoro hamfahamu mtu anayeitwa Filda. Siku hizi nasikia ameoa.

Wazee wanashangaa kwamba wamenifungua na bado sijaenda popote. Wananisifu kanisani, mjane mwaminifu. Kila Jumamosi nashuka Dadamu kaburini na ufagio. Ezati namwombea huko aliko, chini ya malori. Kisha nafagia hapa pole pole, nangoja watu waondoke, nainama.

"Ladu," namwambia, "ni mimi, yule aliyekuita takataka."