Neno la Mlangoni

"Provecho," baba yangu alisema akiwa mlangoni, kofia mkononi, na mgahawa mzima ukainamia sahani kana kwamba hakuna aliyesikia.

Usilidharau neno hilo. Kwetu Oaxaca mtu hatoki mgahawani bila kuwatakia wanaobaki heri ya chakula, na wanaobaki hawaachi kushukuru, hata mdomo ukiwa umejaa. Nawajua majirani waliogombania mpaka wa ua miaka tisa, hawasalimiani njiani, lakini mezani hawanyimani provecho. Siku ile baba alinyimwa. Na mimi, binti yake, nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Mgahawa ulikuwa wa Doña Chona, mama yangu wa ubatizo. Ulikuwa na meza sita, vitambaa vya plastiki vyenye maua, na huko nyuma jiko la kuni lililowaka tangu sijazaliwa. Tulikula pale kila Jumapili saa nane mchana, meza ya dirishani. Nimekulia kwenye mole yake, ule mchuzi mweusi wa pilipili za kuchoma, ufuta na chokoleti. Jengo lilikuwa la baba. Lakini tangu Doña Chona aninyanyue mbele ya padri siku ya ubatizo, yeye na baba waliitana komadre na kompadre, na kwetu huo ni undugu kupita wa tumbo moja. Kwa hiyo hapakuwa na karatasi yoyote kati yao. Nani anamwandikisha komadre wake mkataba?

Ijumaa moja nilimkuta baba sebuleni akitia saini. Alikuwa ameliuza jengo kwa watu wa hoteli. Mwezi uliofuata wangebomoa.

"Doña Chona anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nieves, usinipande kichwani. Nitamwambia Jumapili, tukishakula."

Tukishakula! Mpaka leo, nikilikumbuka neno hilo, damu inanichemka.

Jumapili Doña Chona alituletea sahani mwenyewe, akimwekea baba paja la bata mzinga kama kawaida.

"Kompadre, mbona umekonda? Au huyu mwanangu anakupikia maji?"

Akacheka. Baba naye akacheka. Alicheka, jamani! Akararua chapati ya mahindi, akachovya, akalamba vidole, akaomba aongezewe. Akaongezewa. Mimi sahani yangu sikuigusa. Nilimkanyaga chini ya meza. Akavuta mguu wake. Alipomaliza akafuta masharubu, akasema, "Mungu akubariki, komadre," akachukua kofia. Anaondoka! Hajasema kitu, anaondoka!

Nikasimama.

"Mama, ameuza jengo. Tangu juzi. Mwezi ujao wanabomoa."

Watu wote waliacha kula. Doña Chona alikuwa ameshika sahani chafu ya baba. Alimtazama baba, akawa kama anasubiri acheke, aseme ni utani.

"Kweli, kompadre?"

"Ni biashara tu, Chona."

Chona. Si komadre tena. Miaka kumi na tisa ya undugu aliivua pale pale kama mtu anavyovua kiatu kinachombana.

"Na ukaomba uongezewe," Doña Chona alisema taratibu. Akageuka, akarudi jikoni na sahani ile.

Hapo ndipo baba alipofika mlangoni na kulitoa neno lake, kwa mazoea tu, nadhani. Kimya. Akangoja. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa na hakika nitaitikia, maana mtoto gani anamwacha baba yake aaibike mbele ya mtaa? Nilichota mole sahanini mwangu, nikajaza mdomo, nikatafuna huku namkodolea macho. Akavaa kofia, akatoka.

Baba alikufa miaka kumi na mmoja baadaye. Tulikuwa tukiishi nyumba moja na kula meza moja, na sikumbuki hata siku moja nilipomtakia heri ya chakula. Msibani nilipika mwenyewe; watu wakajaa uani, wanakula. Doña Chona akaja na mkongojo wake. Siku hizo alikuwa akiuza tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, kwenye beseni, kando ya barabara, ng'ambo ya hoteli ile. Aliingia ndani, akaligusa jeneza, akakaa kidogo. Chakula hakukigusa. Alipofika langoni akageuka.

"Provecho," alisema.

Ua mzima ukaitikia kwa shukrani. Mimi sikuitikia. Naye hakuondoka, alisimama akinitazama, akangoja, kama baba alivyongoja. Nilitaka kumpigia kelele: unalitoa kwenye nyumba hii? Ya mtu huyu? Huna uchungu wewe? Hasira ilinipanda, na safari hii sikujua ni dhidi ya baba, dhidi yake, au dhidi yangu mwenyewe. Bado alingoja.

"Asante, mama," nikasema. Ilitoka kwa ukali, kama tusi.

Akaitikia kwa kichwa, akajitanda shali yake, akarudi kwenye beseni lake.