Ng'ombe Mwenye Mlango

Hezekia alipopofuka, binti yake Eliza alirudi Mtae, kijijini kwao milimani, kumtunza, akaja na kazi yake ya kutengeneza sanamu za shaba. Nyuma ya nyumba alijenga tanuru, akaanza sanamu ya ng'ombe. Alimfinyanga kwa nta, akamfunika kwa udongo, akaichoma nta mpaka ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba mahali pake.

Ng'ombe huyo alitoka na masikio ya mwanamke. Ubavuni alikuwa na mlango unaofunguka, na ndani, penye tumbo, palikuwa na kitanda kidogo.

Jirani yao, Mama Secilia, alimzunguka akitabasamu. "Ng'ombe gani huyu ana mlango?"

"Ndivyo ninavyomwota, mama, tangu utotoni. Sijui kwa nini."

"Baba yako umemwonyesha?"

Eliza alitikisa kichwa. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na Eliza alihofia angeona ni upuuzi. Hata hivyo, Jumapili walipotoka ibadani, alimshika mkono akampeleka uani.

Hezekia alipapasa pembe, shingo, mgongo. Vidole vyake vilipoufikia mlango vikasita. Akaufungua, akagusa kitanda, akamgeukia binti yake.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, baba?"

"Mama yako alifariki ukingali mchanga. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, na sikujua kulea. Basi nilikutandikia majani makavu kando ya tumbo la Sifa, ng'ombe wetu, upate joto. Nami nilikesha hapo hapo, asije akakulalia."

Eliza alikaa chini. "Hukuwahi kunisimulia."

"Nilihofia wenzako wangekucheka, kwamba umelelewa zizini."

"Nisingejali, baba."

Mzee alirudisha kidole ndani, akakipima kitanda. "Umekifanya kidogo mno, mwanangu. Ulikuwa unajinyoosha sana."

Eliza alicheka huku machozi yakimtoka.

Sanamu hiyo ilikuwa iende kwenye maonyesho Dar es Salaam. Eliza aliwapigia simu waandaaji akawaomba radhi, akapeleka nyingine. Ng'ombe alibaki uani, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, Hezekia alimsimulia binti yake habari za mama yake: alivyoimba kwaya, alivyotembea haraka, na jinsi alivyomchagulia mtoto jina la Eliza kabla hajazaliwa.