Majina Kumi na Matatu

Silantoi, mwalimu wa historia pale Lemara, alichoka kuwatembeza wanafunzi mjini bila kukuta sanamu ya mwanamke hata mmoja. Kamati ya bustani mpya ilipoomba mapendekezo, aliwaandikia habari za wanawake kumi na watatu wa Elerai waliobeba mawe mgongoni mpaka tangi la kwanza la maji likasimama. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu: Resiato, bibi yake, ambaye macho yake yalishaingia giza.

Kamati ikakubali. Mchongaji Navdeep akaja nyumbani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Andika majina yetu kabla sijayasahau.”

Navdeep akayaandika yote, akaipeleka karatasi kwenye kamati.

Baada ya miezi mitatu akapiga simu, sauti imemnyong'onyea. “Mwalimu, wamegeuka. Wanataka twiga. Mimi nimejitoa.”

Silantoi akamwendea katibu, Hans.

“Hao kina mama hawajulikani,” Hans alisema kwa upole.

“Ndiyo maana tunaomba sanamu.”

“Mwalimu, asiyejulikana hachongewi sanamu. Mgeni anataka kupiga picha na mnyama.”

Silantoi akaomba angalau arudishiwe karatasi ya majina. Wakafungua jalada hili na lile, haikuonekana.

Kumwambia bibi ukweli, ulimi ulimwia mzito. Siku ya uzinduzi Resiato akavaa shanga zake zote, akadai kupelekwa. Walisubiri watu watawanyike, kisha akanyoosha mkono, akapapasa mguu wa saruji wa twiga.

“Uso wangu uko wapi?”

“Uko juu, koko,” Silantoi akajibu, akimwita bibi kwa Kimaasai. “Hutaufikia.”

“Na majina? Nisomee.”

Kibao kilikuwa na jina la mgeni rasmi na majina ya wafadhili, basi. Silantoi akajifanya anasoma, akayataja yale aliyoyakumbuka, polepole. Bibi alikuwa akihesabu kwa vidole.

“Kumi na mawili,” akasema. “Umemruka mmoja.”

Silantoi akaanza upya. Yakawa kumi na mawili tena.

“Ni nani, koko?”

 Resiato akagusa paji la uso wake kama mtu anayebisha hodi.

“Tulikuwa tukibeba jiwe moja, yeye na mimi,” akasema. “Alikuwa na mimba.”

Jina halikuja. Wakakaa pale mpaka mlinzi akawaomba wapishe, wageni wanataka kupiga picha.