Mtunza Bustani Yupo

Mama Erica aliponiambia nisikate mizabibu mwaka huu, nilijua kuna jambo.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko jipya, kikombe cha chai mkononi, akaniona nanoa mkasi. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tano.

"Debora, acha hiyo. Acha majani yapendeze."

"Mama, tusipokata hatuvuni mwezi wa tisa."

"Tutavuna mwaka mwingine."

Sisi watu wa Mpunguzi tumekulia kwenye zabibu. Mzabibu usipokatwa hunawiri majani matupu, kama mtu anayevaa vizuri na nyumbani kwake hakuna unga. Mama Erica alikuwa ameishi na mimi, mfanyakazi wake wa ndani, miaka sita, hilo alilijua. Kila mwaka alikuwa anahesabu wiki hadi vichala viive, anachuma cha kwanza kwa mkono wake, anampelekea mchungaji. Leo anasema nisikate. Anayesema hivyo hatakuwepo kuvuna. Nikaurudisha mkasi kwenye ndoo, nikaanza kumchunguza.

Nyumba yenyewe ni flati ya chini kwenye jengo la ghorofa tatu, Area D. Wa juu wana vibaraza vya kuanikia nguo. Sisi wa chini tulikuwa na kipande cha ardhi nyuma, kimezungushiwa ukuta, na hakuna mwingine mwenye njia ya kuingia humo. Nilipokikuta kilikuwa kokoto na mifuko ya saruji iliyoganda. Nilitoa kokoto miezi miwili. Miche nikaibeba kutoka kwetu kwenye kiroba kilicholowa, nikajenga kichanja cha mabomba, na mwaka wa tatu tukakaa kivulini tukala zabibu. Watu wa juu walikuwa wanachungulia kama wanaangalia harusi.

Halafu mama yangu akafariki. Mama Erica alikuja msibani na gari lake, akakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akamenya vitunguu. Siku ya kuanua matanga, ukoo ulipokaa kugawa vitu vya marehemu, aliomba nafasi ya kusema.

"Debora ni mwanangu," alisema. "Nikikarabati nyumba yangu, kile chumba cha uani nakifungulia mlango wa bustani, kinakuwa chake. Aweke kitalu cha miche, auze, ajitegemee."

Shangazi alilia. Baba akampa Mama Erica mbuzi jike. Na papo hapo kaka yangu Joshua akasema, "Basi mistari ya mama niichukue yote mimi, maana Debora ana kwake mjini." Mama alikuwa na mistari kumi na miwili ya mizabibu, na sita ilikuwa ije kwangu. Wote wakaniangalia. Nikasema sawa.

Kwetu neno lililosemwa mbele ya ukoo siku ya matanga halihitaji karatasi. Kumwomba mgeni karatasi siku ile ingekuwa kumtukana.

Kwa hiyo ukarabati ulipoanza mwaka jana, niliufanya kama wa kwangu. Nilipikia mafundi, nilibeba tailizi, nililala jikoni miezi minne vumbi likinijaa masikioni. Mlango wa chumba cha uani ulipotobolewa kuelekea bustanini nilisimama pale nikashika fremu, nikapima kwa macho meza ya miche itakaa wapi.

Sasa, wiki moja baada ya maneno ya mizabibu, Lameck fundi bomba alikuja. Ni Mgogo mwenzangu, mtu wa utani.

"Mbukwa, dada Debo! Nisogezee hilo begi. Mashine inakaa hapa, maji machafu yanatokea pale."

"Mashine gani?"

"Ya kufulia. Kwani hiki si chumba cha kufulia?"

"Ni chumba changu."

Akacheka. "Utalala ndani ya mashine? Ukizunguka usiniite!"

Aliponiona sicheki, aliweka spana chini. Akatoa simu, akaifuta kwenye suruali, akanipa. "Nilidhani unajua, dada. Tangazo liko kwenye magrupu yote ya madalali."

Mimi nina darasa la saba. Nasoma pole pole lakini nasoma yote. Liliandikwa hivi: *Inauzwa! Apatimenti ya chini, Area D, imekarabatiwa upya. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la kisasa, chumba cha kufulia, bustani binafsi yenye mizabibu. Maji muda wote. Mtunza bustani yupo. Maegesho ya gari mbili.*

"Huyo aliyepo ni wewe," Lameck akasema taratibu.

"Nimeelewa."

Nikasoma tena. Nilikuwa nimewekwa baada ya maji, kabla ya maegesho.

Sikumwambia Mama Erica kitu. Nilitaka aniambie mwenyewe. Nilimpa siku nane. Asubuhi nampelekea chai, jioni namwandalia maji ya kuoga, nasimama kidogo mlangoni ili akitaka kusema aseme. Alikuwa anasema, "Asante mwanangu, ukalale."

Siku ya tisa alikuja mnunuzi. Alikuwa mama mmoja wa Kondoa, anaitwa Nasma, mfanyabiashara wa alizeti, amejifunga mtandio wa kijani, sauti kubwa ya kuzoea sokoni. Alipita vyumba vyote haraka haraka akigonga kuta kwa kidole cha pete. Alipofika bustanini akasimama.

"Mashallah! Dodoma hii hii?"

"Dodoma hii hii," Mama Erica akasema. "Na Debora ndiye huyu."

"Ndiye huyu? Mbona mwembamba! Nilijua ni jimama." Akanishika bega, akanigeuza kidogo kama anachagua kitenge. "Utanizoea tu, mdogo wangu. Mimi napiga kelele lakini sina roho mbaya. Maji ya kumwagilia unatoa wapi?"

"Kisima cha jengo," Mama Erica akawahi.

Nasma hakumwangalia. "Namuuliza yeye."

Kisima cha jengo kina chumvi. Ukimwagilia mzabibu kwa maji yale, majani yanaungua pembeni kama karatasi. Bomba la mjini kwetu linatoka siku mbili kwa wiki. Bustani ile ilikunywa maji ya kuoga ya Mama Erica, maji ya kuoshea mchele, maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, na ya majirani wa juu niliokubaliana nao waniwekee ndoo kwenye ngazi. Kila siku safari ishirini na kitu.

"Yanatoka kwenye beseni," nikasema. "Nabeba. Na mimi sibaki, mama. Kama umeambiwa nipo, hakuna aliyeniuliza."

Nasma akageuka polepole. "Mama Erica, hili tangazo limeandikwa na nani?"

"Huyu ana homa tangu jana," Mama Erica akasema. "Usimsikilize."

"Mgonjwa hazungumzi hivi," Nasma akajibu, akachukua mkoba wake. "Tutapigiana simu."

Mlango ulipofungwa nilitegemea matusi. Mama Erica hakutukana. Alikaa kwenye kochi lenye nailoni bado, akanitazama kama mtu aliyepigwa na mwanawe.

"Umenisaliti, Debora. Mbele ya mgeni."

"Mimi, mama?"

"Nastaafu mwezi wa saba. Erica ana mtoto mchanga Dar, niende nikamsaidie. Nyumba nimuachie nani? Nikasema, huyu binti nisimuache hewani, nimtafutie mtu mzuri abaki hapa hapa, kazi yake ile ile. Wenzako wanaachwa stendi na begi! Mimi nimekuhangaikia na wewe unanivua nguo."

"Ulisema chumba."

"Nilisema nikiwa na nia hiyo. Mambo yamebadilika."

"Ulisema mbele ya baba. Mbuzi ulimchukua."

"Yule mbuzi alikufa," akasema.

Nilikusanya nguo zangu, mkasi nikauacha kwenye ndoo maana alinunua yeye, na asubuhi nikaondoka.

Nyumbani nilidhani yatakayoniuma ni ya mjini tu. Baba alinipokea vizuri, nikapewa uji. Nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Joshua alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Sasa sema kweli," akasema. "Uliiba nini?"

"Sijaiba kitu."

"Mimba?"

"Joshua!"

"Mama yule alikaa na sisi kwenye mkeka siku tatu. Alimenya vitunguu! Mtu wa namna ile afute neno la matanga bure tu? Kuna ulichofanya."

Nilimtazama baba aseme. Baba akaangalia mguu wake. "Labda mlikoseana," akasema. "Ukipoa utatuambia."

Nikalala chumba kimoja na watoto wa Joshua. Asubuhi nikaenda na Joshua shamba kumsaidia kukata. Nilikata mistari ya mama yote kumi na miwili, na ile sita niliijua bila kuhesabu. Nilipomwambia kwamba kwa kuwa mjini sina kwangu tena, mistari yangu irudi, alisema lile lilikwisha mbele ya ukoo. Ukoo uliambiwa Debora ana kwake. Hawezi kuligeuza kwa maneno yangu peke yangu.

Katikati ya mwezi wa sita Mama Erica alipiga simu. Sauti yake ilikuwa laini.

"Debora mwanangu, majani yanageuka manjano. Nasma amesema ananunua, lakini wewe uwepo. Unaona ulivyo wa maana? Rudi hata wiki tatu, mpaka tuandikishane."

Nilikuwa nimekaa nje ya jiko. Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Nitarudi, mama. Wiki tatu nitabeba maji. Lakini kwanza uje Mpunguzi. Usimame pale pale uliposimama siku ile, uwaambie baba na shangazi na Joshua kwamba chumba hakipo, na kwamba mimi sikufanya kosa. Basi. Sitaki kingine."

"Unataka niaibike?"

"Nataka wasikie kwako. Kwangu hawasikii."

Alivuta pumzi. "Jumamosi," akasema. "Nakuja Jumamosi."

Nikawaambia wote. Shangazi alitoka Bahi tangu Ijumaa. Jumamosi nilifagia uwanja, nikatoa mkeka na viti viwili, nikaazima kingine kwa jirani. Baba alivaa shati la kanisani. Joshua naye hakwenda shamba. Saa nne, saa tano. Saa saba kasoro tukasikia chombo kinanguruma, watoto wakakimbia.

Ilikuwa bodaboda. Nyuma dereva alikuwa amefunga gunia la mchele na mfuko wenye vitenge viwili, na shuka la kumpa baba.

"Mzigo kutoka kwa Mama Erica," kijana wa pikipiki akasema. "Anawasalimu sana. Anasema amebanwa, lori la vitu vyake linapakia leo kwenda Dar."

"Hakuna neno jingine?" nikamuuliza.

"Amesema anampenda sana Debora."

Shangazi alikuwa ameshafungua mfuko, kitenge kiko begani. Baba alijifunika shuka lile juu ya shati la kanisani, juani, akalishikashika pindo.

"Unaona sasa?" Joshua akaniambia. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anaongea kama anayemfundisha mtoto. "Mtu mbaya anatuma gunia? Tafuta simu yake umwombe radhi."

"Siombi radhi."

"Basi habari za mistari ya mama usinitajie tena. Nimekuvumilia."

Nikamwangalia baba. "Mchele mzuri huu," baba akasema. "Wa Bahi huu."

Watoto walikuwa wamekaa karibu na gunia, hawajala tangu asubuhi kwa sababu ya kumsubiri mgeni. Nikachukua ungo, nikachota, nikakaa kwenye kile kiti cha kuazima, nikaanza kuchambua.