Babu Kwenye Duara la Mawe

Mimi si mtu wa kubembeleza. Watoto wangu wa chekechea nawafundisha kwa upendo, hilo sikatai, lakini mtu mzima mwenye akili zake akiamua kujifanya gunia, simwachi hivi hivi. Na baba yangu alikuwa ameamua kuwa gunia.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Siku tunaondoka hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinivuta pembeni akaniambia bila kuzunguka: mguu bado una nguvu, ila mzee asipoanza kuuchezesha sasa, kifundo kitakakamaa na hatatembea tena. Kifundo juu, kifundo chini, asubuhi na jioni, basi. Baba, fundi cherehani aliyekanyaga mashine tangu mimi sijazaliwa, akafika nyumbani na kugeukia ukuta.

"Mwache mzee apumzike," kaka yangu akaniambia, huku akimlisha uji kwa kijiko. Mkono wa kushoto wa Baba ulikuwa mzima kabisa, umelala tu pajani.

"Amepumzika vya kutosha," nikasema. "Kesho naenda naye kazini."

Wakacheka wote wawili, Baba kwa upande mmoja wa mdomo. Hajawahi kuihesabu kazi yangu kuwa kazi. Wageni wakimuuliza, huwaambia binti yake anafuta makamasi ya watoto wa watu. Nikawaacha wacheke. Asubuhi nikamvalisha shati alilolishona mwenyewe na kandambili zake, nikakisukuma kiti chake cha magurudumu hadi shuleni. Njia nzima alilalamika kwamba namtia aibu. Nilitia pamba masikioni.

Wiki ile tulikuwa tunajifunza vitu vyenye uhai. Sakafuni nilichora kwa chaki maduara mawili makubwa, moja la vyenye uhai, jingine la visivyo na uhai, ambalo wanafunzi wangu waliliita duara la mawe. Mtoto anachukua kitu, anakichunguza, anakiweka panapostahili, na ni lazima aseme kwa nini. Duara la uhai lilikuwa na kuku niliyemwazima kwa jirani, kafungwa kamba mguuni na keshachafua sakafu. La mawe lilikuwa na jiwe, kijiko na kigari cha plastiki. Mche wa maharage ndio ulioleta ugomvi. Walidai umekufa kwa sababu hausogei, basi nikaligeuza kopo lake, dirisha likawa nyuma yake. Siku chache baadaye wakakuta umejipinda wenyewe kuufuata mwanga. Wakaukubali, ila kwa shingo upande.

"Shikamoo Babu," wakaimba wote.

"Marahaba," Baba akajibu bila kuwaangalia.

Mpango wangu ulikuwa mdogo. Nikawakalisha mkekani, miguu wameinyoosha, tukachezesha vifundo: juu, chini, juu, chini. Nilitaka mzee aone, apate hamu. Baba akatazama dari. Nilichosahau ni kwamba nina mtoto anaitwa Wakili.

Wakili ni kabinti kasiko na meno ya mbele, na jina hilo tulimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja. Akainuka mkekani, akasimama mbele ya Baba, akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Kisha akazunguka nyuma, akashika mipini ya kiti, akaita wenzake. Kabla sijafumbua mdomo, baba yangu mzazi alikuwa katikati ya duara la mawe, kijiko huku, kigari kule.

"Kwa nini umemweka hapo?" nikauliza. Kanuni ni yangu mwenyewe.

"Hajisogezi. Anasukumwa, kama gari."

"Lakini anapumua," mwenzake akasema.

"Hata maharage yamejisogeza," Wakili akasema. "Tulipokuwa tunacheza miguu, mimi nilikuwa namwangalia. Yeye hakucheza hata kidogo."

Iliniuma, nasema ukweli. Kumtoa pale na kumkemea mtoto kulikuwa jambo rahisi sana. Lakini nikauona uso wa Baba. Hasira ile niliiona mara ya mwisho mteja alipomrudishia suruali akidai imeshonwa kombo. Tangu augue nilikuwa naitafuta nyumba nzima, siioni. Nikakunja mikono.

"Mwalimu," Baba akaniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Hebu waambie hawa watoto kwamba mimi ni mtu."

"Hapa hatuambiani, Baba. Hapa tunaonyesha."

Akanikata jicho, lile ambalo zamani lingenitoa mbio. Sikusogea. Akainamisha kichwa, akautazama mguu wake wa kulia, na watoto wakalala kifudifudi kuuzunguka, mashavu juu ya saruji baridi. Tukangoja. Jasho likaanza kumtoka Baba kwenye paji la uso. Kidole gumba kikacheza kidogo.

"Upepo huo," Wakili akasema.

"Upepo gani, wewe mtoto?" Baba akanguruma, akafumba macho. Ndipo kisigino kikashuka, vidole vikanyanyuka, vikashuka, vikanyanyuka tena. Polepole, kwa kusuasua, lakini ulikuwa ni mwendo ule ule wa cherehani niliousikia utotoni, nikilala chini ya meza yake kwenye vipande vya vitambaa. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na wala sikujificha.

Wakili hakulia. Alifuta kipande cha mstari kwa kiganja, akachukua chaki, akachora mstari mpya uliopinda mpaka ukautenga mguu wa kulia upande wa kuku na maharage.

"Mguu una uhai," akatoa hukumu. "Babu mwenyewe bado tunamchunguza."

Njia nzima ya kurudi Baba hakulalamika. Jioni kaka alipokaa kitako na bakuli la uji, Baba akamnyang'anya kijiko kwa mkono wa kushoto, akanywa mwenyewe, nusu ikamwagikia shati. Kisha akanigeukia.

"Uniamshe mapema," akasema. "Kesho nina kesi."