Kombe wa Upande wa Mama

Kamati ya maandalizi ya jumba la makumbusho ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumshika kombe, yule kiumbe wa majini mwenye magamba mawili. Hilo halikuwazuia kukutana asubuhi nzima, kwa chai na sambusa, kuamua kombe wa kale wa Dodoma walitokana na nani.

Aliyewaletea balaa hilo ni Dkt. Asma Uwesu, binti wa mkulima wa Kondoa, aliyechimba miaka minne kwenye bonde la chumvi nje ya mji na kurudi na magamba yaliyogeuka mawe. Aliwaeleza taratibu. Palikuwa na ziwa, kombe wa mtoni wakaingia. Ziwa likakosa pa kutokea, jua likalipunguza, maji yakawa ya chumvichumvi. Waliovumilia ndio waliozaa, na kizazi hadi kizazi magamba yakawa mazito.

"Hakuna aliyeamka siku moja akaikuta chumvi," alisema Asma. "Iliingia kidogo kidogo. Mwishowe waliizoea mno hivi kwamba mvua kubwa iliporudi, maji ya mto ndiyo yaliyowaua."

"Kwa hiyo ni wa mtoni tu?" aliuliza mwenyekiti, Bwana Respicius, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mkwe mtarajiwa hana kazi. Alikwishawaahidi wakubwa kwamba Dodoma iliwahi kuwa bahari. Ukutani papa alikwishachorwa.

"Bahari haikufika huku, mwenyekiti. Hata meno ya bawaba, pale magamba mawili yanapoungana, ni ya ukoo wa mtoni."

"Daktari, makao makuu ya nchi hayawezi kuwa na asili ya matope."

Bi Yasinta wa itifaki, mpenda amani, akaomba muafaka upatikane: mama awe wa baharini, baba wa mtoni. Wajumbe wakagonga meza kwa furaha. Asma alikasirika hadi masikio yakamwaka moto.

"Ukoo wa viumbe haupigiwi kura!"

"Hapa kila kitu kinapigiwa kura," alisema mwenyekiti. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Vikombe vya chai vilitikisika kwa kishindo cha "Ndiyo!"

"Wasioafiki?"

"Siyo!" alipaza Asma, peke yake.

"Nadhani walioafiki wameshinda," alisema Bwana Respicius, akachukua sambusa nyingine.

Siku ya ufunguzi Asma alikwenda na bisibisi kwenye mkoba. Kibao kilikuwa pale pale alipohofia, chini ya magamba yake: *Asili: bahari, kwa upande wa mama. Utafiti wa Dkt. Asma Uwesu.* Aliapa hakitamaliza siku ukutani.

Mbele ya kibao alisimama baba yake, katika kanzu ya Idi, aliyekuja na basi la alfajiri bila kumwambia mtu. Kidole chake kilikuwa chini ya jina la ukoo wao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alikuwa analia waziwazi. "Bahari, hapa Dodoma! Na aliyeijua ni wewe. Ni kweli, mwanangu?"

Mkono wa Asma ulikuwa mkobani, umeishika bisibisi.

"Ndiyo, baba."

Ni chumvi kidogo tu, alijiambia, akamshika mzee mkono kumpeleka kumwona papa.