Luhende Watatu

Hakimu alisoma hukumu saa nne asubuhi, Odeta akiwa bado amepakata kikapu cha viazi alivyomchemshia mwanawe. Luhende alikuwa amekutwa ufukweni akivuta kokoro, wavu wa macho madogo unaozoa hata vifaranga vya samaki. Kokoro lilikuwa la Shigela, tajiri wa mitumbwi, na kila mtu alilijua hilo, lakini alikamatwa aliyelivuta. Shigela mwenyewe alikaa benchi la nyuma, akichezea simu.

Hakimu alisema anatoa miaka miwili kwa sababu tatu: mshtakiwa aonje uchungu wa kosa lake, arekebike, tena awe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo. Aliposhuka kizimbani, Luhende alikuwa watatu.

Karani aliwahesabu, akaomba karatasi mbili zaidi. Wa kwanza alifungwa pingu, akapelekwa gerezani kuonja uchungu. Wa pili alipelekwa karakana ya gereza hilohilo, akajifunze useremala. Wa tatu, wa fundisho, hakuwa na kazi gerezani, maana wa kujifunza kwake mle wangekuwa nani? Akapakiwa kwenye gari hadi mwaloni, jirani na daraja la Kigongo, akasimamishwa pale boti zinapofikia.

"Wa kwangu ni yupi?" Odeta aliuliza.

"Wote jalada moja, mama," karani akamjibu.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa wana watatu waliotoka kwa mmoja hawakuusemea. Odeta alikuwa mjane, na Luhende ndiye mtoto pekee aliyembakia. Alichomwomba Mungu kilikuwa kimoja tu, mwanawe arudi nyumbani.

Ilipobaki miezi minne, wa kwanza akafa kwa kifua. Jeneza alilichonga wa pili, na lilikuwa zuri, pembe zake zimekutana sawasawa. Alikuwa amerekebika kweli. Odeta alimzika nyuma ya nyumba, karibu na mihogo, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Miezi minne ilipokwisha, wa pili alitoka na cheti. Alizunguka karakana zote za mjini akikionyesha, wakakisoma, wakamrudishia. Mwishowe Shigela akamchukua hadi karakana yake, Sengerema. Akawa analala hukohuko, akimtengenezea mitumbwi mipya.

Basi Odeta akachemsha viazi, akaenda mwaloni kumchukua wa tatu. Alimkuta palepale, miguu imezama mchangani, kokoro bichi limeanikwa mabegani mwake. Vijana wa Shigela walikwishamzoea. Kila asubuhi walimsalimia, wakaanika wavu juu yake, wakarudi majini.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Twende nyumbani. Miaka imeisha."

"Siwezi, mayu. Hawajajifunza bado."

Odeta akaweka kikapu chini. Mikono ya mwanawe ilikuwa imebanwa na wavu, kwa hiyo alimmenyea viazi, akamlisha kimoja kimoja. Kisha akaanza kumbandua vifaranga vya sangara vilivyokaukia shingoni, vingine vidogo kama kucha. Magari yalikuwa yakipita juu ya daraja, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

Vijana wakarudi wakikokota kokoro la pili, limelowa chapachapa.

"Samahani, mama," mmoja akasema kwa adabu. "Sogea kidogo tuanike."

Odeta akasogea.